ATM ya maziwa: mashine mnaijua, maziwa je?

Barua za majuma haya zimejaa ATM za maziwa, zile mashine zinazomwagia mteja maziwa ya kiasi cha pesa alicholipa. Karibu wote mnauliza bei ya mashine, na wachache mno mnauliza maziwa yatatoka wapi. Nitalirudia jambo hilo hadi lisikike.

Nina Sh150,000. Ninunue mashine ya lita ngapi, na ya kampuni gani? (Msomaji, Kitengela)

Usinunue yoyote bado. Tafuta kwanza chama cha ushirika au kiwanda kitakachokuuzia maziwa yaliyokwisha kupasteurishwa (kupashwa joto ili viini vife) na kupozwa, kila siku, kwa makubaliano ya maandishi. Waulize waziwazi: Januari hadi Machi, nyasi zikikauka na ng'ombe wakipunguza maziwa, mtaniletea kiasi gani? Wakibabaika, endelea kutafuta. Kisha simama pale unapotaka kufungua duka, asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi, uone wanaonunua maziwa ni wangapi na wananunua ya shilingi ngapi.

Ukishapata majibu hayo, mashine ya lita 50 au 100 inatosha kuanzia. Tangi kubwa lisiloisha kwa siku hukutia kishawishi cha kuuza maziwa yaliyokaa siku kadhaa. Kampuni sikutajii. Hakikisha ndani kote ni chuma kisichoshika kutu, mabomba yanafunguka yote ili yasuguliwe, na fundi anapatikana karibu. Na usimalize pesa zote kwa mashine. Maziwa utayanunua na nini?

Faida ni ngapi kwa mwezi? (Wengi mno)

Hili nalijibu kwa mara ya mwisho. Hakuna anayeweza kukuambia faida yako bila kujua unanunua kwa ngapi, unauza ngapi na kodi ya duka lako ni kiasi gani. Chukua karatasi. Tuseme lita unainunua kwa Sh55 na kuiuza kwa Sh70. Lita 100 kwa siku zitakupa Sh1,500, na humo utoe kodi, stima, mshahara wa mhudumu, sabuni, leseni ya kaunti na kibali cha Bodi ya Maziwa (KDB). Sasa angalia upande wa pili: lita 10 tu zikiganda umepoteza Sh550, ambayo ni faida ya karibu lita 37. Wanaowauzia mashine hawawaonyeshi hesabu hiyo. Pesa za biashara hii hupotelea kwenye maziwa yaliyoharibika.

Nina ng'ombe wanne. Nikichemsha maziwa kwa sufuria kubwa nyumbani kisha nimimine kwa ATM, kuna ubaya? (Msomaji, Kakamega)

Upo. Kuchemsha huua viini, hilo silikatai. Ubaya uko katika kupoza. Lita 50 zilizotoka motoni huchukua saa nyingi kupoa zenyewe, na zikiwa vuguvugu, viini vilivyoingia kupitia mwiko, kifuniko au mkono huzaana kwa kasi. Ukiyamimina hivyo kwenye ATM ukitumaini itayapoza, umekosea kifaa. ATM imeundwa kutunza maziwa yaliyokwisha kuwa baridi. Kompresa itanguruma kutwa nzima, bili ya stima ipande, na jioni maziwa yawe yamechacha.

Kupasteurisha ni kuyafikisha maziwa joto la nyuzi 63 na kuyaweka hapo dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha kuyashusha mara moja hadi nyuzi 4. Hiyo sehemu ya pili ndiyo mnayoiruka. Kama huna pasteraiza na chombo cha kupozea, wapelekee ushirika maziwa yako, ununue kwao yaliyotayarishwa.

Na wapo wanaomimina maziwa mabichi moja kwa moja kwenye tangi. Sheria hairuhusu, na mimi nasema ni ukatili. Maziwa mabichi huweza kubeba magonjwa kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Mama anampa mtoto akiamini ni salama kwa kuwa yametoka kwa mashine inayong'aa. Imani hiyo ndiyo unayouza, usiichezee.

Yakibaki jioni, naweza kuyachanganya na ya kesho? (Msomaji, Juja)

Hapana. Uza yaliyobaki kwanza, osha tangi, ndipo utie mapya.

Nitajuaje mletaji ametia maji? (Msomaji, Ol Kalou)

Swali zuri, na natamani lingeulizwa zaidi. Laktometa, kile kipimo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha uzito wake, ikisoma chini ya 28, yakatae. Lakini isome kwenye joto lililoandikwa juu yake, kwani maziwa yenye joto huifanya isome chini hata kama ni safi. Tena wapo wanaotia maji kisha wakaongeza sukari au unga ili kipimo kipande, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Fanya na kipimo cha alkoholi: changanya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa kwenye kichupa cha kioo, utikise, uinamishe kichupa. Ukiona chembechembe nyeupe zimeganda kwenye kioo, yameanza kuchacha, hata kama hayajanuka. Fanya hivyo mletaji akiwepo. Na anayekuambia anayo dawa ya kutia ili yasigande, haidrojeni peroksaidi, usinunue kwake tena hata tone.

Niongeze ATM ya mafuta ya kupikia kando yake? (Msomaji, Likoni)

Waulize KEBS, shirika la viwango vya ubora wa bidhaa, kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Sheria ya Kenya inataka mafuta yaongezwe vitamini A, na mwanga na joto huiharibu. Huko Pwani joto mnalo.

Niko Doha. Nataka kumfungulia kaka yangu duka Nakuru alisimamie. Pesa nitazifuatiliaje? (Msomaji, Qatar)

Till ya M-Pesa iwe kwa jina lako. Mashine nyingi huhifadhi idadi ya lita zilizouzwa. Kaka akutumie picha ya kioo cha mashine kinachoonyesha idadi hiyo kila jioni, pamoja na risiti ya lita zilizopokelewa. Tofauti ikionekana, uliza siku hiyohiyo. Ukingoja hadi likizo, mtagombana mbele ya wazazi. Na mlipe mshahara. Ndugu asiyelipwa atajilipa mwenyewe, na sitamlaumu sana.

Wateja wanasema mashine yangu inapunja. Nimeipima kwa maji, iko sawa. (Msomaji, Thika)

Maji hayatoi povu, maziwa hutoa. Ipime kwa maziwa, kwenye jagi lenye alama, usubiri povu litulie ndipo usome. Pungufu ikiwepo, fundi airekebishe, kisha maafisa wa mizani na vipimo waikague na kuipiga muhuri. Ukiwa hapo fungua na mdomo wa bomba, uondoe ile raba ya duara, upitishe kidole ndani yake. Ukikuta utelezi wa manjano, funga duka leo. Sugua mabomba yote kwa brashi, sabuni na maji moto, ubadilishe hiyo raba, ndipo ufungue.