Nimelipa arubuni ya Mercedes, mke wangu hajui

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, mke na watoto wawili. Nimepandishwa cheo kazini na tukakubaliana kununua gari. Mke wangu anataka Toyota jipya. Mimi nimepata Mercedes-Benz S-Class la miaka tisa kwa bei hiyo hiyo, na nimeshalipa arubuni kimyakimya. Kila nikimwambia gari la maana ni uwekezaji, ananiuliza, "Kwani Toyota halifiki?" Je, kweli magari ya kifahari hayastahili bei yake? – Bosi Mpya

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za gari, basi tuanze nazo. Ya arubuni tutayafikia.

S-Class jipya ni gari kwelikweli, nisikudanganye. Kiti kinakukumbatia, kelele za barabara zinabaki nje, na likipita kwenye shimo aliyelala nyuma haamki. Anayesafiri mbali kila wiki, mgongo wake utaitambua tofauti. Tena mengi mapya huanzia kwenye magari haya. Breki za ABS za kielektroniki, zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla, ziliingia kwenye S-Class mwaka 1978, na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze na kupoteza mwelekeo ulianzia huko huko mwaka 1995. Aliyenunua enzi hizo alilipia usalama ambao wengine hawakuwa nao. Siku hizi mfumo huo ni lazima kwa magari mapya katika nchi nyingi. Kwa hiyo ile hoja ya "nawanunulia watoto usalama" (najua ulikuwa unaiandaa) imepungua makali.

Sehemu nyingine ya bei ni nembo. Lexus ni mali ya Toyota, na Lexus LX ni ndugu wa damu wa Land Cruiser, kaongezewa ngozi na utulivu. Audi A3 na Volkswagen Golf nayo yamejengwa juu ya msingi mmoja. Tofauti ipo, ila hailingani na pengo la bei. Mtu kulipia nembo simlaumu, mradi akiri kwamba ndiyo anayoilipia.

Neno uwekezaji lifute kabisa. Magari makubwa ya kifahari huporomoka bei haraka, ndiyo maana la miaka tisa limekutana na Toyota jipya. Iliyoshuka ni bei ya kulinunua tu. Spea zake bado ni za gari la tajiri. Chukua springi za hewa, ambazo S-Class linazo tangu 1998: ni mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Mpira unazeeka, unapasuka, hewa inavuja usiku kucha, asubuhi unakuta gari limelala upande. Kompresa nayo, kwa kuhangaika kufidia hewa inayotoka, inaungua. Hapo sijagusa gia boksi. Mwenye gari wa kwanza alifaidi miaka mizuri, bili amekuachia wewe.

Basi jibu langu: jipya, kwa mwenye nazo, linastahili. Hilo lako, kwa fedha yote mliyojikusanyia, hapana. Ungekuwa na akiba nono ya matengenezo pembeni ningelegeza kidogo.

Sasa arubuni. Mwambie mkeo leo, kabla muuzaji hajapiga simu ikapokelewa na yeye. Usianze kwa kulisifia gari. Anza na fedha: ulitoa kiasi gani, lini, na mkataba unasemaje kuhusu kurudishiwa. Cheo ni chako, lakini mpango wa gari mliupanga wawili, na hasira zake zitakuwa za haki, kwa hiyo usimkatize. Arubuni ikirudi, ichukue. Isiporudi, hesabu hasara hiyo iishie hapo, usiifukuzie kwa kununua gari zima.

Akitaka mwenyewe kwenda kuliona, nendeni na fundi anayeyajua Mercedes, alipime kwa kompyuta, kisha mwombe muuzaji alizime usiku kucha mlikague asubuhi kama limesimama sawa. Na akisema bado anataka Toyota, mwache achague na rangi.