Kwa Mnaoanza Kuichunguza Jeni ya H1-4

Anayekabidhiwa jeni ya H1-4, inayotoa mojawapo ya protini za histoni H1, kwa mara ya kwanza hufurahia udogo wake. Iko katika mkono mfupi wa kromosomu ya 6, haina introni (vipande vinavyokatwa na kutupwa RNA inapoandaliwa) hata moja, na protini yake ina asidi amino 219 tu. Ni rahisi kudhani kwamba mmepewa jeni nyepesi ya kujifunzia. Msidhani hivyo, kwa sababu taratibu nyingi za maabara zilibuniwa kwa ajili ya jeni za namna nyingine, na zikitumiwa hapa bila kufikiri hutoa majibu yenye sura nzuri lakini ya uongo.

Kwanza ieleweni kazi ya protini yenyewe. DNA hujizungusha kwenye kundi la histoni (protini za kufungasha DNA) nane, yaani H2A, H2B, H3 na H4 mbili mbili, kwa urefu wa takriban jozi 147 za besi, na umbo hilo ndilo nyukliosomu. Histoni H1 haimo katika kundi hilo. Hukaa kwa nje, pale DNA inapoingia na kutoka, ikashikilia jozi nyingine zipatazo 20, huku mkia wake mrefu uliojaa laisini, yaani asidi amino zenye chaji chanya, ukituliza msukumano wa DNA iliyo kati ya nyukliosomu moja na nyingine, hata kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, ikaweza kushikamana. Wala haigandi hapo: katika seli hai, H1 hubanduka na kushika tena ndani ya dakika chache, jambo ambalo michoro ya vitabuni haionyeshi.

Kwenye RNA ndiko wageni wengi hujikwaa. RNA mjumbe ya H1-4 kwa kawaida haina mkia wa poli-A, yaani msururu wa herufi A mwishoni mwake. Huishia kwa kitanzi kifupi kilichojikunja. Kwa hiyo, mkiandaa sampuli kwa njia inayonasa mikia ya poli-A, sehemu kubwa ya RNA mnayoitafuta itamwagwa pamoja na maji ya kuoshea, na tarakimu ndogo mtakazozipata zitakuwa zimetokana na maandalizi, si na seli. Hatari huzidi mnapoilinganisha na H1-0, ndugu yake wa kromosomu ya 22 ambaye mkia huo anao: H1-0 itaonekana kutawala hata pale isipotawala. Tumieni njia ya kuondoa RNA ya ribosomu badala ya kunasa mikia. Kwa kuwa introni hakuna, DNA ya jenomu iliyobaki kwenye sampuli hutoa zao la PCR (kipimo cha kuzidisha nakala za DNA) lenye urefu uleule na la RNA, hivyo safisheni kwa kimeng'enya cha kukata DNA na daima muweke kisima kimoja cha sahani ya kipimo kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kumbukeni pia kwamba jeni hii huandikwa zaidi seli inapokuwa inanakili DNA yake. Dawa yoyote inayopunguza mgawanyiko wa seli itapunguza RNA hii, bila kuigusa jeni moja kwa moja.

Kwa upande wa protini, msishtuke. Uzito wake ni kama kilodaltoni 22, lakini kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa hujitokeza juu zaidi, karibu na 30, kwa sababu ya chaji zake. Asidi ya pekloriki ya asilimia 5 huitoa H1 na kuziacha histoni nyingine chini kama mashapo; ni njia ya zamani, nami siioni iliyo bora kwa bei hiyo. Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini kabla ya kuzitambua, hukata kwenye laisini na ajinini, kwa hiyo mkia wote hugeuka vipande vifupi mno, na vingi vya vinavyobaki hufanana na vya ndugu zake H1-2 na H1-3. Kingamwili nazo huwachanganya ndugu hao, hata zile zilizoandikwa kuwa ni za H1-4 pekee.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni mabadiliko yanayosogeza fremu ya usomaji (mpangilio wa kusoma herufi tatu tatu) karibu na mwisho wa jeni, ambayo husababisha ugonjwa wa Rahman, wenye ulemavu wa akili na, kwa baadhi ya wagonjwa, ukuaji uliopita kiasi. Mazoea yatawaambia kwamba RNA yenye kituo cha mapema, yaani alama ya kusimamisha utengenezaji wa protini kabla ya wakati, huharibiwa na seli. Lakini uharibifu huo kwa kawaida hutegemea alama zinazoachwa pale introni zilipokatwa, na hapa hazipo. RNA hubaki, protini hutengenezwa ikiwa na mkia mfupi uliopungukiwa chaji chanya, na protini hiyo yenyewe huonekana kuwa ndiyo tatizo. Panya walioondolewa H1-4 peke yake huishi na kuzaa. Viinitete hufa pale aina 3 za H1 zinapoondolewa pamoja. Basi kuifuta jeni katika seli hakuigi ugonjwa huu. Ingizeni badiliko lenyewe la mgonjwa katika nakala moja tu, na ya pili muiache nzima.

Ripoti za wagonjwa za mwaka 2017 zinaitaja jeni hii kwa jina la zamani, HIST1H1E. Tafuteni kwa majina yote mawili, na kwa H1.4 inapozungumzwa protini.