Barua kwa mwanangu: Pilau acha kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza jana usiku mara mbili, ya pili nikiwa na shangazi yako, maana mambo ya chakula hakubali yampite. Unasema familia unayokaa nayo huko Hamburg imekuomba uwapikie chakula cha nyumbani Jumapili. Mko sita, kijana wao mkubwa hali nyama. Unauliza upike pilau, na je, upunguze viungo wasije wakashindwa kula?

Pilau acha. Si uliniambia Desemba kwamba jikoni kwao kulinukia pilau, ukashuka mbio, ukakuta biskuti za Krismasi? Basi wenzetu hao iliki, mdalasini na karafuu wanavijua kwenye vitu vitamu. Ukiwaletea harufu hiyohiyo kwenye nyama, jioni nzima itaisha kwa maelezo. Na tuseme ukweli, pilau hujawahi kupika peke yako. Kila Idi wewe ulikuwa wa kumenya vitunguu saumu. Wali wa nazi na maharage umevipika tangu darasa la sita, hata umeme ukikatika unapika gizani. Pika hivyo, na usipunguze kitu. Pilipili tu ikae pembeni kwenye kisosi, kama tunavyomfanyia baba yako.

Nunua kila kitu Jumamosi, usisahau huko Jumapili maduka yanafungwa. Wiki yako ya kwanza ulishinda na biskuti kwa sababu hiyo. Kwenye duka la Waasia chukua makopo mawili ya tui lisilo na sukari, na ndimu. Mchele wa basmati unatosha. Hautanukia kama wa Kyela lakini hautakuaibisha.

Kopo moja la mililita 400 na maji kopo moja na nusu, hayo ni ya vikombe vitatu vya mchele. Tui, maji na chumvi vikichemka ndipo utie mchele. Najua unapokwama ni kwenye kupalia, maana mkaa hakuna. Mwanangu, hiyo oveni yao ndiyo mkaa wako! Inatoa moto juu na chini, sawasawa na sufuria iliyopaliwa. Iwashe mapema, nyuzi 150. Maji yakikaribia kukauka funika sufuria kwa karatasi ya foili, kisha mfuniko, uingize dakika 20. Angalia tu mikono ya sufuria isiwe ya plastiki, usije ukawalipa.

Maharage ya kopo yasikutie haya. Kaanga kitunguu na karoti, nyanya ziive mpaka zipotee, halafu maharage. Tui la kopo la pili litie mwisho, na usimame hapo hapo ukoroge mpaka lichemke. Ukiliacha ukaenda kuzungumza na wageni, litakatika. Badala ya mchicha kaanga spinachi na kitunguu, basi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka 1998, nilipoolewa, nilibeba nazi kumi kwenye kiroba kutoka Tanga hadi Bukoba, basi siku nzima na zaidi, kisha meli ya usiku kutoka Mwanza. Nilitaka wakwe waone mimi ni nani. Kule watu wanakula ndizi, wali wa nazi kwao ulikuwa kitu cha kusikia. Siku ya kupika nikavunja nazi tatu. Ya tatu niliitikisa, sikusikia maji. Nyumbani ningeitupa bila kufikiri. Lakini mawifi walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama, nikaona haya kutupa kitu nilichokibeba mbali hivyo, nikaikuna na zenzake. Sikuonja hata mchuzi.

Nazi iliyoharibika inaonja kama sabuni ya kufulia. Bibi yako alimaliza sahani, akasema chakula kizuri. Wote wakasema kizuri. Mimi mwenyewe nilikula tonge mbili nikasema nimeshiba. Miaka minne baadaye, tumeshazoeana, tunamenya ndizi uani, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, ile nazi ya kwanza, huko kwenu ndivyo inavyokuwa?" Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Nikamtilia tui zuri kwenye ndizi zake siku ileile, na mpaka leo nikienda Bukoba bila nazi hanifungulii mlango vizuri.

Kwa hiyo onja. Onja tui la kopo kabla halijaingia kwenye sufuria, onja maharage, onja chumvi. Na wakisema chakula kizuri usiridhike haraka, watu wastaarabu ni wagumu kusomeka. Tazama nani anaongeza mara ya pili bila kuambiwa.

La kula kwa mkono hukuliuliza lakini nakujua. Wewe nawa ule unavyokula nyumbani, wao waache na uma zao. Yule mtoto wao mdogo atakuiga, utaona.

Ukoko usiukwangue mbele yao ukautupa. Uweke mezani kwenye sahani yake. Wasipoutaka, ufunike vizuri, Jumatatu asubuhi ule na chai.

Mama yako,
Tanga