Jibu: Kutoka kwenye ngoma hadi kwenye mitambo

Ndugu, umeuliza iwapo mpiga ngoma wa roki hapa Nairobi anaweza kuwa mtayarishaji wa muziki bila kuzitupa fimbo zake. Mtazame Butch Vig wa Marekani, aliyepiga ngoma katika bendi ya Spooner, kisha mwaka 1983 yeye na Steve Marker wakafungua studio ya kurekodi, Smart Studios, mjini Madison. Alipoitayarisha albamu ya bendi ya roki ya Nirvana, Nevermind, iliyotoka 1991, mwimbaji wao Kurt Cobain alisita kuimba mstari uleule mara mbili ili sauti zipandane, hadi Vig alipomwambia kwamba John Lennon wa Beatles naye alifanya hivyo. Kazi yenyewe ya mtayarishaji, kwa maoni yangu, ndiyo hiyo: kujua la kumwambia msanii. Mitambo ya kurekodi hata kijana wa River Road, hapa Nairobi, anaimudu. Baadaye Vig alirudi kwenye ngoma, katika bendi ya Garbage.