Biashara ikinoga ndo uogope deni

Mimi nauza spea za magari hapa Arusha, Ngarenaro, bushi, shokapu, filta, zaidi za Land Cruiser za watalii. 2019 mambo yalikuwa moto bana, kampuni za utalii zinabeba mzigo kwa bili na zinalipa vizuri tu, mpaka nikaanza kujiona tajiri. Nikavuta mkopo wa miezi 6 nikafungua fremu ya pili Usa River, na mzigo wa Dubai nikachukua kwa mali kauli, deni la dola, wakati mimi nauza kwa shilingi. Machi 2020 korona ikaingia, watalii hamna, magari yamepaki, wenye bili zangu hawapokei simu, ila rejesho lenyewe halina habari na korona. Fremu ya Usa nikafunga, kiwanja cha Moshono nacho kikaenda hivihivi naona.

Sasa kipindi nimekaa tu dukani ndo nikasoma habari za Thailand ya 1997 nikasema heee, kumbe huu ujinga wangu na nchi nzima iliufanya! Wenzetu uchumi ulikuwa unapaa miaka na miaka, hela yao, baht, imefungwa kwenye dola, kama 25 kwa dola moja, matajiri na mabenki wakaona dola ina riba ndogo wakakopa za muda mfupi wakajengea maghorofa Bangkok. Ghorofa linarudisha hela baada ya miaka kumi huko, deni linadaiwa mwakani. Wakopeshaji walivyoshtuka kila mtu akataka chake, serikali ikatetea baht mpaka akiba ya dola ikakauka, tarehe 2 Julai wakaiachia ishuke, Januari 1998 dola ilishapita baht 50. Yaani deni limekuwa mara mbili na hujakopa hata senti. Moto ukaruka Indonesia, Malaysia, mpaka Korea Kusini, huko wananchi walitoa pete zao za dhahabu kuchangia nchi ilipe madeni (hapa kwetu sijui nani angetoa).

Kukua siyo dhambi, Korea baadaye waliendelea kukua, ila deni la IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wakalimaliza 2001 na wakajaza akiba ya dola ya kutosha. Na mimi siku hizi mkopo wa miezi 6 ni wa mzigo unaotoka ndani ya miezi 6, basi. Fremu najenga kwa faida, hata ikichukua miaka mitatu mke wangu ananicheka. Deni la dola sigusi. Na hela ya miezi minne ya kodi na mishahara inakaa pembeni, hata shemeji akija na shida haiguswi. 2023 dola ilivyoadimika watu wanahangaika mjini, mimi nililala.

Juzi dogo mmoja wa bodaboda kaja kuniomba ushauri, anataka pikipiki ya tatu kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, maana mbili zinalipa sana. Nikamuuliza rejesho linaanza lini. Kesho, akasema.