Usishuke mwambani: kwa anayekwenda Pemba kuangalia membe

Usishuke. Nimesoma mara mbili swali lako la safari ya kuangalia membe, ndege hawa wa baharini, na kila nikifika hapo pa "nahodha amesema atatushusha mwambani tupige picha za makinda kwa karibu" nashindwa kuendelea. Umeuliza mengi: darubini gani, bei ya boti, pa kulala Wete, mwezi wa saba kama unafaa. Watu wa kuyajibu hayo wapo. La kushuka ulisikie kwanza, na ulisikie kwa mtu aliyeshuka.

Maneno unayoambiwa wewe ndiyo niliyoambiwa mimi: hawana neno, wamezoea watu, dakika kumi tu. Niliporudi wiki iliyofuata, jabali lilikuwa jeupe kwa kinyesi na halina hata ndege mmoja. Anayesema membe wamezoea watu hajawahi kukaa mbali akatazama kinachotokea boti ikishaondoka. Anataka uridhike, ulipe, usimulie wenzako. Nahodha aliyenishusha mimi bahari anaijua kuliko mimi, na katika hilo namheshimu. Katika ndege alinidanganya, na mayai yale hayarudi.

Tujue kwanza ni mwamba wa namna gani. Visiwa vyetu havina magenge marefu, yaani kuta ndefu za miamba. Vijabali vinavyotagwa ni jiwe la matumbawe ya kale, limesimama mita chache juu ya maji, na chini limeliwa na mawimbi mpaka limekaa kama uyoga. Juu ni tambarare yenye meno makali, nyufa na vichaka vifupi. Membe wanapapenda kwa sababu panya, paka na binadamu hawafiki kwa urahisi. Wewe ukishuka unawaondolea sababu yenyewe ya kuwa pale.

Mayai hayakai kwenye kiota unachokijua wewe. Yule membe mweupe mwenye mkia mrefu uliopasuka kama uzi, Sterna dougallii kwa jina la kitaalamu, hutaga yai moja au mawili juu ya jiwe tupu au kwenye kishimo kidogo. Yai lina urefu wa sentimita nne hivi, rangi ya maziwa yaliyochanganyika na vumbi, madoa ya kahawia. Jiwe nalo lina rangi hiyohiyo. Utainama, utatazama unapokanyaga, na bado utalikanyaga. Mwenzake mwenye mgongo wa kijivu kilichoiva, Onychoprion anaethetus, hutaga yai moja tu, na hulificha ndani ya ufa au chini ya ukingo wa jiwe. Hilo hutaliona kabisa. Ukingo unaousimamia kupiga picha ndio dari ya kiota, na jiwe lile likiwa limeliwa na chumvi humeguka.

Lakini kukanyaga ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni jua. Wengi wanadhani ndege anayeatamia analipasha yai joto. Huku kwetu, kuanzia saa tatu asubuhi, kazi yake ni kinyume: analikinga. Mtazame kwa darubini saa tano ya mchana. Amesimama nusu, mbawa zimeachana kidogo na mwili, mdomo wazi anahema. Mara anaruka, anajichovya tumbo baharini, anarudi na manyoya yaliyolowa, analikalia tena yai. Kilichomo ndani ya yai huvumilia ubaridi kwa muda. Joto likipita kiasi kinakufa upesi. Sasa weka mtu mwambani kwa "dakika kumi" ambazo hazijawahi kuwa kumi. Ndege wote wako hewani wanapiga kelele, mayai yote yako juani juu ya jiwe linalounguza unyayo. Hutaona lolote limeharibika. Yai lililokufa na yai zima yanafanana kwa nje, na mzazi atarudi aliatamie siku nyingi bila faida. Ndiyo maana wanaoshusha watu wanaapa kwamba hakuna madhara.

Kisha kuna kunguru. Kunguru hawa wa kutoka Bara Hindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wanafuata boti na wanafuata watu. Membe wakiwa wamekaa kwa wingi, wakali, kunguru anapata tabu kutua. Membe wakiinuka kwa ajili yako, umemfungulia mlango.

Makinda unaowataka kwenye picha nao hawakai wakusubiri. Wakishapata siku chache wanaweza kukimbia, na wakiona mtu wanakimbilia ukingoni. Chini ya ukingo ni uvungu na mawimbi. Kinda hawezi kupanda jiwe lililobinuka kuja kwake, na mzazi hawezi kumbeba. Wanaokimbilia upande mwengine huingia eneo la jirani na kudonolewa kichwani mpaka damu.

Na kama ni mwanzoni mwa msimu, wakati ndiyo kwanza wanachagua mahali au wametaga juzi, kundi zima linaweza kuhama. Membe hawa ni wa kuhamahama tangu asili: jabali la mwaka huu huenda lisitagwe mwaka ujao. Kwa hiyo sitaandika jina la jabali lolote hapa, na nakuomba nawe usiandike utakapoliona. Picha ikionyesha umbo la kisiwa, watu wa bahari wanalitambua mara moja.

Mwezi wa saba unafaa, kwa sababu huku kwetu wanataga kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, tangu mwezi wa sita hadi wa kumi hivi. Ni hapohapo bahari ilipochafuka, basi mpango wa kukaa mbali unakulinda hata wewe.

Chombo kikae mita 200 kutoka mwambani, kama viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Kaa upande wa kaskazini-mashariki ya jabali. Miezi hiyo jua linachomoza kaskazini kidogo ya mashariki, kwa hiyo asubuhi yote litakuwa mgongoni mwako na ndege wanamulikwa vizuri. Upepo wa kusi nao unakuwa umekatwa kidogo na jabali. La muhimu zaidi ni kwamba upepo na mkondo wa pwani yetu vyote vinaelekea kaskazini: mashine ikizimika, chombo kinasukumwa mbali na jiwe. Ukikaa kusini mwa jabali kwa sababu "picha ni nzuri", mashine ikigoma unakwenda juu ya meno yale pamoja na wenzako. Usitie nanga kwenye matumbawe. Acha chombo kielee, kikifika mbali mwambie nahodha awashe taratibu, azunguke kwa nje, muanze tena.

Chagua maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na kwenye milango ya bahari kati ya visiwa, kama ya Njao na Fundo, mkondo unakimbia vibaya. Kwa anayeng'ang'ania kushuka, siku hizo ndizo hatari kabisa: maji yakijaa mawimbi yanaingia uvunguni, yanainua boti, na kichwa cha mtu kinabaki kati ya boti na jiwe.

Mita 200 ni za kuanzia tu. Wenye kupima ni ndege. Ukiwaona wamelala au wanajichakura manyoya, uko sawa. Shingo zikinyooka na vichwa vyote vikageukia chombo, umekaribia mno hata kama ni mita 300, rudi nyuma. Wakianza kuinuka mmojammoja wakilia, umechelewa kurudi. Na iko dalili moja inayowapita wengi: kundi zima linanyamaza ghafla, linaanguka kutoka mwambani kwa pamoja na kukimbilia baharini chini chini juu ya maji, bila sauti. Watu hupiga makofi wakidhani ni maonyesho. Ile ni hofu. Yaweza kuwa mwewe, yaweza kuwa wewe. Ikitokea mara ya pili, ondoka, hata kama umelipia siku nzima. Droni usiibebe kabisa, kwao chochote kinachoning'inia juu ni mwewe.

Ukikaa hivyo saa nzima utaona mengi kuliko aliyeshuka, maana aliyeshuka huona mbawa na kelele tu. Utaona dume akileta kisamaki kimoja mdomoni, kimelala kwa upana, akimpa jike. Ukiona ndege wanaingia na samaki bila kukoma, makinda wapo, na ukimfuata mmoja kwa darubini atakuonyesha ufa wenyewe. Membe mweupe utamjua kwa miguu myekundu na mkia unaopita mbawa akiwa amekaa. Yule wa mgongo wa kijivu ana paji jeupe linalochongoka hadi nyuma ya jicho. Ukiona mgongo mweusi tii na weupe umeishia penye jicho, huyo ni jamaa yake Onychoprion fuscatus, ambaye makao yake ni ya mbali zaidi, kama Fungu Kizimkazi. Huko Fungu Kizimkazi usifikirie hata kidogo msimu wa kusi, na lile si jabali la uyoga bali ni kisiwa tambarare katikati ya bahari kuu.

Darubini nimeona umetaja ya 10 kwa 42, yaani inayokuza mara 10. Chukua ya kukuza mara 8, chombo kinatikisika. Ikirukiwa na maji ya chumvi usiifute kwa kitambaa kikavu, chumvi inakwaruza kioo. Mwagia kwanza maji ya kunywa yasiyo na chumvi.

Tena kagua chombo hata kama humgusi ndege. Panya wanasafiri kwenye magunia na makapu, na panya mmoja mwenye mimba akifika mwambani mayai ya miaka mingi yamekwisha. Chumbe walilazimika kuwaondoa panya mwaka 1997, na ile ilikuwa kazi kubwa kwa kisiwa kidogo tu. Wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi visiwani, nao uwaeleze kwa adabu habari ya panya. Wengi wao wakiona membe wanapiga mbizi wanajua jodari wapo chini wanawasukuma dagaa juu, hivyo hawahitaji somo refu kuhusu faida ya ndege huyu.

Jambo la kufanya leo, kabla hujatuma pesa ya boti: mpigie nahodha umwambie kwa kinywa chako, mbele ya wenzako, "hatushuki, na ukiwasogelea hadi wakainuka safari inaishia hapo." Elewaneni bei kwa saa za kukaa, isiwe kwa idadi ya vituo, ili asione hasara kuelea sehemu moja. Akisema wateja wote hushuka, mshukuru, tafuta mwengine. Pita kwa sheha, kiongozi wa mtaa wa hapo unapoondokea, uulize nani huwapeleka watu bila kuwashusha. Pemba manahodha wa hivyo wapo, sema tu hawajitangazi.