Klasi tatu ninazoandika kabla ya ekrani ya kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza aplikasio za Android hapa Goma, kabla hamjachora hata ekrani moja andikeni klasi (kipande cha kodi chenye kazi yake moja) ya pesa, klasi ya namba za telefone na klasi ya tarehe. Hizo tatu njo ninaanza nazo kila kazi, hata kama mteja anataka kuona rangi na logo kwanza, rangi itangoja.

Pesa njo penye shida mingi. Kwetu mtu ananunua Birere analipa dola na anarudishiwa franka, kwa hiyo aplikasio ya duka iko na sarafu mbili kwenye risiti moja, na ukiacha kila ekrani ijifanyie hesabu yake, ekrani ya mauzo itasema hivi na ya ripoti itasema vile, mwenye duka ataacha kukuamini. Mimi situmii Double (aina ya namba zenye desimali) kwa pesa, juu ukijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Dola naihifadhi kwa senti, namba nzima ya Long, na sarafu inakaa pamoja na kiasi ndani ya klasi moja, ili asipatikane mtu wa kujumlisha CDF (franka) na USD (dola) bila kupitia fonksio ya kubadilisha inayodai bei ya dola ya siku ile.

Halafu kuna hii ya lugha, na naomba muisome polepole. Telefone nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, na String.format, amri ya kugeuza namba iwe maandishi, inafuata lugha ya telefone. String.format("%.2f", 12.5) kwenye telefone ya Kiingereza inatoa 12.50, kwenye ya Kifaransa inatoa 12,50 yenye koma, sasa ukichukua maandishi hayo ukayapitisha kwa toDouble() ili yarudi kuwa namba, aplikasio inaanguka na kosa la NumberFormatException, na wewe kwenye yako ya majaribio ilikuwa inaenda vizuri kabisa. Ndani ya klasi ya pesa weka fonksio mbili tofauti: ya kumuonyesha mtu, hiyo ifuate lugha ya telefone yake, na ya kutuma kwa serveri, hiyo uipe Locale.ROOT, isiyofuata lugha ya telefone yoyote. Ekrani zisiguse String.format hata siku moja.

Namba za telefone ni rahisi zaidi. Watu wanaandika 099, wanaandika +243, wanaandika 00243, wengine wanaacha nafasi katikati, klasi yako ipokee zote na itoe sura moja tu, +243 na tarakimu 9 nyuma yake. Ila usilazimishe 243 kwa kila mtu, hapa mpakani wengi wako pia na laini ya Rwanda, +250, na ni wateja kama wengine.

Tarehe: Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko UTC+2 (saa mbili mbele ya UTC, saa ya kipimo ya dunia), Kinshasa iko UTC+1, nchi ni moja. Hifadhi saa kwa UTC, kwa kuonyesha ya huku mashariki tumia Africa/Lubumbashi. Na usiweke SimpleDateFormat (klasi ya zamani ya kuandika tarehe) moja ndani ya object ya Kotlin, lugha tunayoandikia, itumiwe na aplikasio yote, haina usalama ikiguswa na nyuzi mbili (kazi mbili za aplikasio zinazoenda sambamba) kwa wakati mmoja, tarehe zinachanganyikana na bagi (kosa la kodi) ya namna hiyo inakusumbua wiki nzima. DateTimeFormatter, klasi mpya ya kazi ile ile, haina shida hiyo, ila ikiwa unalenga telefone za chini ya Android 8 washa desugaring (inayofanya klasi hiyo mpya itumike kwenye telefone za zamani) kwenye Gradle, chombo cha kujenga aplikasio.

Kitu ninachosisitiza kwa kila kijana ninayefanya naye kazi: klasi hizi zisijue Context, kile kitu cha Android kinachoiunganisha kodi na telefone. Zikiwa Kotlin tupu unazijaribu kwenye mashine moja kwa moja bila kufungua emulator (telefone ya kuigiza ndani ya laptop), na emulator inakula RAM, na umeme wetu mnaujua, betri ya laptop inabaki kidogo lakini majaribio ya klasi ya pesa yanaisha upesi. Ikiwa klasi lazima iwe na Context, mfano ya SharedPreferences (hifadhi ndogo ya mipangilio), ipe applicationContext, yaani Context ya aplikasio nzima, ukiacha Activity (ekrani moja ya aplikasio) ndani ya object ile Activity haitoki kwenye memori hata mtu akishafunga ekrani.

Na tafadhali msiniletee faili moja inaitwa Utils yenye kila kitu ndani, pesa, picha, rezo, vibali. Klasi ikikosa jina linalosema kazi yake, igawe. Mimi nikikuta fonksio imekopiwa ekrani ya pili naitoa pale pale, naitafutia klasi yake, na naandika jaribio lake kabla ya kuendelea.